Vigingi Saba na Jiwe la Mama Mkwe

Barabara yetu ina majina matatu. La kwanza limo kwenye ramani za ofisini, nalo ni herufi moja na tarakimu ambazo hata mimi, niliyelishwa na barabara hiyo karibu miaka arobaini, nilikuwa nazisahau. La pili ni la kiongozi wa zamani, limeandikwa kwenye kibao ambacho lori la mchanga lilikigonga kikageuka, na sasa kinawaelekeza watu ziwani. La tatu ndilo linalotumika. Ukimwambia bodaboda pale Kirumba akupeleke kwenye jina la pili, atakuangalia viatu kwanza ajue umetoka wapi. Ukimwambia Kona ya Mzimu, anawasha pikipiki.

Hiyo kona niliipinda mimi. Niliipinda kwa mikono yangu, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na njaa. Sikumwambia mtu yeyote, wala mke wangu, na nilikusudia kufa nayo. Naandika sasa kwa sababu siri imeshatoka, na haikutoka kinywani mwangu.

Nianze na barabara yenyewe ilivyokuwa, maana walio mbali wanaweza kudhani nasema habari za lami. Inatoka mjini, inaacha mabenki na kelele za Nyamagana, inapita Kirumba, kisha inalifuata ziwa. Ilikuwa lami. Hadi juzi juzi ilikuwa viraka vilivyoshonwa juu ya viraka, na kingo zake zilikuwa zimeliwa kiasi kwamba magari mawili yakikutana ilibidi dereva mmoja awe mstaarabu. Mashimo nayo yalikuwa na majina, kwa sababu yalikaa muda mrefu kuliko wenyeviti wa mtaa. Kulikuwa na Beseni, Birika, na Mama na Mtoto, shimo kubwa na dogo yaliyolala pamoja. Watu walielekezana kwa mashimo: shuka kwenye Beseni, panda kushoto, nyumba ya bati la bluu. Mwaka mmoja kikosi cha ukarabati kilikuja kikaziba Beseni, na kwa wiki nzima wageni walipotea. Mvua za kwanza zilipolifungua tena tulishukuru.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na moja, mshika fito. Mshika fito ni mtu anayesimama juani na mti wenye rangi nyekundu na nyeupe, wakati mpima anamchungulia kwa darubini kutoka mbali na kumpungia mkono: nenda kulia, rudi kushoto, hapo hapo. Pale anapoambiwa hapo hapo, anapigilia kigingi. Vigingi vikishapangwa, greda linafuata vigingi, kifusi kinafuata greda, na lami inafuata kifusi. Hakuna anayeuliza tena. Kwa hiyo ukitaka kujua nani hasa anaamua barabara ipite wapi, usitafute ofisini. Mtafute mwenye nyundo.

Mpima wetu alikuwa mtu wa pwani, hodari wa hesabu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata porini. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: aliamini kila jiwe la Usukumani lina mtu ndani. Na mawe ndiyo tuliyo nayo. Mwanza mtu akitaka kuchimba choo lazima kwanza aelewane na jiwe. Kila tulipofika kwenye jiwe kubwa alilizunguka kwa mbali, akakohoa, ndipo akafungua darubini.

Tulipofika pale ninapopasema, mchoro ulikuwa wazi. Mstari ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe moja lenye ukubwa wa darasa, ukaingia upande huu na kutokea upande ule. Maana yake jiwe lipasuliwe kwa baruti. Chini ya kivuli chake alikuwepo mama mmoja mjane, anapika michembe. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Yeye alivipika kwa karanga zilizotwangwa, na sisi vibarua wa barabara tulikuwa tunakula pale kila siku. Aliyeleta bakuli alikuwa binti yake.

Sina haja ya kumweleza binti huyo. Ndiye mke wangu, yuko jikoni wakati naandika, na akisoma sifa zozote atauliza nimefanya kosa gani jipya. Itoshe kusema kwamba wiki ya kwanza nilikuwa nakula bakuli moja, ya pili mawili, na ya tatu wenzangu walianza kuniuliza kama nina minyoo.

Kisha mpima akatangaza kwamba baruti zitaletwa mwisho wa mwezi, na yule mama ataambiwa ahamie kwingine na sufuria zake. Alisema hivyo akiwa anakunja ramani. Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni.

Kesho yake saa saba mchana, mpima aliteremka ziwani kuoga, kama desturi yake. Wenzangu walikuwa wamelala chini ya lori. Niliamka, nikachukua nyundo, nikang'oa vigingi saba. Nilivihamishia upande wa bondeni ili mstari ulizunguke jiwe na kurudi njiani huko mbele. Sikuwa na darubini wala hesabu. Nilipima kwa hatua na kwa jicho, na katikati nilisahau nimefikia hatua ya ngapi nikaanza upya.

Baadaye, nilipopelekwa kozi na kujifunza kazi vizuri, ndipo nilipojua ubaya wa nilichofanya. Kona nzuri inaanza polepole na kuisha polepole, na upande wake wa nje unainuliwa kidogo ili gari lisitupwe nje. Yangu ilianza kwa adabu na kumalizika ghafla. Na upande wake wa nje ulikuwa umeinamia bonde, kwa hiyo gari lililokuja kasi lilisukumwa kule kule lisikotakiwa kwenda. Nilipewa cheti cha kozi hiyo, nikakificha uvunguni.

Mpima aliporudi, nywele bado zina maji, aliinama kwenye darubini. Akainuka. Akakifuta kioo, akainama tena.

"Mbona mstari umepinda?"

"Kuna mzee amepita hapa, bwana," nilisema. Hakukuwa na mzee. "Amesema jiwe hili lina wenyewe. Kasema lisiguswe. Tumeona tuvihamishe vigingi kabla hujarudi, yasije yakakupata wewe."

"Mzee gani? Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameelekea wapi?"

Hapo uongo wangu uliishiwa miguu. Nilikuwa nimemwumba mzee lakini sikumpa pa kwenda. Mpima alinitazama, kisha akamgeukia yule mama aliyekuwa akisugua sufuria, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli jiwe lina wenyewe.

Yule mama hakunitazama. Alimaliza kusugua, akamwaga maji, akasema, "Wapo. Leteni chumvi."

Nilikuwa nimebuni kitu, na kumbe ni cha kweli. Nilijiona mtu wa ajabu, mwenye kusema mambo ya wahenga bila kufundishwa. Mpima alituma chumvi jioni ile ile, mfuko mzima, na kwenye mchoro akaandika kwa wino mwekundu: jiwe la mila, lisiguswe. Baruti zilipokuja zilipelekwa machimbo ya kokoto.

Lami ilipomalizika, yule mama alitoa sharti la pili. Alisema wenye jiwe wanataka kila gari linalopita lipunguze mwendo na kupiga honi, kuwasalimu. Asiyepiga, mama huyo alisimama katikati ya barabara na mwiko akamkemea hadi arudi nyuma apige. Dereva mmoja wa basi alimkaidi, na wiki hiyo hiyo basi lake likapasuka magurudumu mawili pale Beseni. Beseni lilikuwa limeshaanza kuchimbika wakati huo na lilipasua magurudumu ya kila mtu, lakini hakuna aliyetaka kuliangalia jambo kwa upande huo. Tangu siku hiyo walipiga wote.

Mwaka uliofuata nilimwoa binti, na hapo mambo yakageuka. Kwetu Usukumani mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Mkikutana njiani unatoka nje ya njia, unasimama umeinamisha kichwa mpaka apite. Mazungumzo ya hivi hivi hayapo, na likiwapo neno la lazima linapitia kwa mtu mwingine. Mwanamke aliyekuwa akinipakulia bakuli la tatu na kunitania kuhusu tumbo langu akawa mtu nisiyeweza kumwuliza hata ni saa ngapi. Kama mke wangu hayupo, tunazungumza kwa kupitia kuku. Mimi nasema, "Enyi kuku, nimeleta mahindi." Yeye anasema, "Kuku hawa wanasema yawekwe ghalani." Watoto wetu walikua wakidhani kuku wa bibi wanaelewa Kiswahili.

Miaka ikaenda. Hadithi ya jiwe ilikua bila mbolea. Kondakta mmoja alisema ameona mwanamke mrefu amekaa juu yake akichana nywele. Wavuvi waliokuwa wakipeleka samaki soko la Mwaloni walianza kuacha sato mmoja pale chini, kwa ajili ya wenyewe, na wenyewe walikuwa wanamla na ugali nyumbani kwa mama mkwe. Watu wa kanisani walilikemea jiwe kila Jumapili, kisha wakirudi nyumbani walipiga honi kidogo tu, kwa kidole kimoja. Nami, mtu wa vyeti viwili vya ujenzi wa barabara, nilikuwa nikipita kwa baiskeli napiga kengele. Nilijiambia ni kwa heshima ya mkwe. Si kweli. Nilikuwa naogopa.

Na kwenye kona ile hakufa mtu. Lori la dagaa lilianguka mtaroni mara moja, mtaa mzima ukala dagaa hadi paka wakakinai, lakini dereva alitoka akijipangusa vumbi. Nilikuwa nikiyafikiria hayo sana. Kona mbaya kuliko zote nilizowahi kuona, haijaua hata mbuzi. Nilihesabu kuwa ni ulinzi wa wenye jiwe.

Nilistaafu mwaka juzi. Miezi michache baadaye mambo mawili yalikuja kwa pamoja. La kwanza ni vibao vya anwani. Kila mtaa ulitakiwa uwe na jina rasmi, kila nyumba na namba. Mwenyekiti wetu wa mtaa aliitisha kikao, na wengi wakasema jina lipo, Kona ya Mzimu. Kwaya ikasusa. Mama mmoja wa kwaya, mtu wa sauti ya kwanza hata akiwa anaongea tu, alisema hawezi kuandika kwenye kadi ya harusi ya mwanawe kwamba wageni waje Mzimu. Kikao kilivunjika bila jina.

La pili ni mhandisi. Alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, mwenye kofia ngumu na kompyuta ndogo aliyoibeba kifuani. Barabara inajengwa upya, alisema, na kona inanyooshwa. Jiwe litapasuliwa. Ila amekuta kwenye jalada maandishi mekundu ya zamani kuwa ni jiwe la mila, na hataki kuingia kwa nguvu mahali pa watu. Akatoa siku nane. Jumamosi tutakutana pale jiweni, mtunzaji wa jiwe aseme. Akisema lina wenyewe, barabara italizunguka kwa namna nyingine. Akisema halina, litapasuliwa.

Mtunzaji wa jiwe alikuwa mama mkwe wangu. Ana zaidi ya miaka themanini sasa. Kila asubuhi bado alikuwa anakwenda kukaa pale kwenye kigoda, na sufuria ndogo ya michembe ambayo karibu hakuna anayeinunua, akisikiliza honi. Nilikuwa na hakika kwamba kigoda kile ndicho kilichokuwa kinamweka hai. Kumwondolea jiwe ni kumwambia amalizie siku zake ukutani. Na mbaya zaidi, ingejulikana kwamba mkwewe ndiye aliyelibuni hilo jiwe, angekuwa kichekesho Kirumba yote, mwanamke aliyelinda uongo wa mshika fito maisha yake yote. Nilikata shauri: jiwe halitapasuka nikiwa hai.

Mhandisi alinitafuta nyumbani. Alinisalimu vizuri, shikamoo mzee, nami nikaitikia marahaba nikijua ninachoulizwa.

"Wewe ulikuwepo, mzee. Kwa nini ilipinda pale?"

"Mila, mwanangu."

Alifungua kompyuta akanionyesha kona yangu kutoka juu, kama ndege anavyoiona. Sikuwahi kuiona hivyo. Ilikuwa mbaya sana.

"Basi hiyo mila haikujua hesabu," alisema.

Nilitaka kujitetea kwamba nilikuwa sijaenda kozi. Nikanywa maji.

Siku zile nane nilifanya mambo ambayo mtu wa umri wangu hafanyi. Nilizunguka vijiweni nikiwakumbusha watu miiko ya jiwe, na iliyopungua niliiongeza. Niliwaambia mafundi baiskeli kwamba jiwe hunguruma kabla ya mvua. Ijumaa alasiri nilikwenda pale wakati mama mkwe ameshaondoka, nikalivika kitambaa cheusi nilichokitoa kwenye mwavuli wa mke wangu, na chini nikaweka kibuyu kipya nilichonunua mjini, chenye shanga. Nilirudi nyuma hatua kumi kuangalia. Nilijisikia nimefanya kazi ya maana.

Asubuhi yake mapema mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, anayemwita mayu kwa Kisukuma, akiwa na kitambaa cha mwavuli wangu, maana yake wa kwake, na kibuyu.

"Mayu anasema jiwe halihitaji mapambo," alisema. "Na anasema kibuyu cha kutambikia hakiuzwi na kibandiko cha duka."

Nilikigeuza. Kweli, kibandiko kilikuwepo chini. Mke wangu aliingia ndani, na nikasikia anacheka na sufuria.

Jumamosi watu walijaa kama siku ya mechi. Mwenyekiti alikuwepo, kwaya ilikuwepo kwa sare, wavuvi, na bodaboda waliopanda juu ya mawe mengine ili waone. Mhandisi, kwa sababu hakujua, aliniwekea kiti ubavuni mwa mama mkwe. Nilisimama. Akasogeza kiti, nami nikasogea zaidi. Mwishowe nilijikuta mtaroni, ambako nilistahili.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kabla yake. Nilitaka kutoa hadithi ndefu, ya mzee aliyepita, safari hii nikimpa na mahali pa kwenda. Lakini mhandisi alimwinamia yeye kwanza, akamsalimu, akamuuliza taratibu, "Bibi, jiwe hili lina wenyewe?"

Mama mkwe alininyooshea kidevu bila kunitazama.

"Huyo mume wa binti yangu. Kazi yenu ameshaiacha?"

"Ameshastaafu, bibi."

"Selikali inaweza kumludisha ili imfukuze?"

Watu wakacheka. Mhandisi alitabasamu. "Aliyestaafu hafukuzwi, bibi."

"Wala kumfunga, kwa kosa la zamani la kazini?"

"Kosa gani? Kama ni kosa dogo la kazi la miaka hiyo, hakuna mtu atakayelifuata."

"Una hakika? Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Kwa barabara hii, ndiyo."

Mama mkwe alikusanya kitenge chake magotini. "Basi lipasueni," alisema. "Hakuna mzimu hapo. Nimechoka kukaa kwenye kigoda."

Bodaboda waliteremka kwenye mawe wakasogea karibu. Kisha mama mkwe akasimulia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniulizia kama nitaongeza bakuli, na akimwangalia mhandisi peke yake.

"Nilikuwa nyuma ya jiwe nachambua kalanga. Nikamwona anang'oa vigingi vya selikali. Anahesabu hatua, anakosea, analudi anaanza tena. Nikajua ni kwa ajili ya binti yangu, maana michembe yangu haikuwa mitamu kiasi hicho. Bwana wake akaja akamuuliza. Akadanganya. Alidanganya vibaya, mpaka nikamwonea huluma. Nikasema huyu atafungwa. Nikaweka uongo wangu chini ya wa kwake, ili wa kwake usimame."

"Na honi, bibi?" mhandisi aliuliza. Alikuwa ameshafunga kompyuta.

"Balabala ilikuwa mbaya. Gali la kwanza lilipopita niliona linavyokimbilia bondeni. Nikasema likiua mtu hapa, watauliza nani aliipinda. Nikawaambia wapunguze, wapige honi. Lakini wangepunguza kwa nani, kama hapana mtu wa kuwakemea? Ndiyo nikakaa." Akajisugua kiuno. "Mgongo ulianza kuuma zamani. Nikasema ngoja astaafu."

Nimefanya kazi kwenye jua kali na kwenye mafuriko, nimezikwa na kifusi hadi kiunoni mara moja, na sikulia. Siku ile nililia mtaroni mbele ya bodaboda. Karibu miaka arobaini nilikuwa nadhani namlinda yeye na kivuli chake, na siku nane za mwisho nilikuwa nahangaika na mwavuli ili abaki pale pale alipokuwa anasubiri kuruhusiwa kuondoka. Mvua, jua, vumbi la magari, alikuwa amekaa akiilinda kona yangu isiue mtu, kwa mwiko. Na sikuweza kumwambia hata neno moja, kwa sababu ni mkwe wangu. Nikageukia jiwe.

Kwaya ilikuwa ya kwanza kupata sauti. Walianza wimbo wa kumshukuru Mungu kwamba hakuna mzimu, na mwenyekiti akapiga makofi akidhani kikao kimefungwa.

Njiani kurudi nilimwuliza mke wangu kama alijua.

"Tangu mwaka ule ule," alisema. "Mayu alinikataza. Alisema ukijua utaanza kumshukuru, na utavunja adabu bure."

Jiwe lilipasuliwa kiangazi. Mhandisi alinialika, akanipa kofia ngumu, akanionyesha kigingi kimoja kipya akaniuliza kama ningependa kukipigilia mimi. Nilikataa. Nilimwambia mkono wangu una tabia ya kwenda bondeni.

Sasa barabara imenyooka na lami yake ni nyeusi. Beseni limezibwa, na safari hii inaelekea ni kwa kweli, ingawa watu bado wanashukia pale. Kikao cha jina nacho kilikaa tena, kikaondoa Mzimu ili kwaya irudi, na kikabakiza lililobaki. Kibao cha anwani kimesimama kwenye kipande kilichonyooka kuliko vyote kati ya hapa na mjini, kimeandikwa Mtaa wa Kona. Magari bado yanapiga honi. Ukiwauliza madereva wanampigia nani, wanasema huyo aliyekuwepo.

Mama mkwe yuko kwake, barazani, na mto mgongoni. Niliona lazima nifanye kitu. Kila asubuhi nikipita na baiskeli naacha pakiti ya chumvi kwenye ukuta wake, napiga kengele mara moja, naondoka bila kugeuka. Baada ya wiki tatu mke wangu aliniletea ujumbe: "Mayu anasema chumvi imeshajaa nyumba, anzisha sukari. Na hiyo kengele upunguze, kona haipo tena."

Nikaleta sukari, na siku iliyofuata nikapita kimya. Sijafika mbali nikasikia mlango. Alikuwa ametoka hadi barabarani, na fimbo yake, anaangalia kule ninakotokea kila siku, mkono juu ya macho, kama mtu anayetafuta gari lililochelewa. Niliteremka kwenye baiskeli, nikaingia mtaroni, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Nilisikia fimbo ikigeukia upande wangu.

"Enyi kuku," alisema, "mwambieni apige."

Nikapiga.